Mkwe Ataka Kuiona Chipu

Jibu la posa limerudi jana baada ya Isha, na wallahi bora wangekataa. Kukataliwa nakujua: halua inasahaulika, mama ananuna siku mbili, ami anasema "si riziki yako," tunahamia kwa watu wengine. Hawa hawakukataa. Wamesema ukoo wanaujua, tabia wameiulizia, ila kazi ya kijana hawajaielewa. Aje mwenyewe aieleze.

Tangu lini mposaji akaitwa kujieleza? Wazee tunao wa nini? Nilimtuma ami yangu, mtu wa joho na kofia ya kiua, anayeweza kuzungumzia mahari nusu saa nzima na neno "pesa" lisimtoke mdomoni. Nilimwomba ashike kitu kidogo tu: "mhandisi wa chipu." Akaona hakijazi mdomo. Akawaambia, "Kijana wetu anafanya kazi ya akili." Bibi mmoja wa upande wao, kwa sauti ambayo yeye anadhani ni ya chini, akauliza: "Anatibu au anatibiwa?"

Wala simlaumu bibi. Mtaani kwetu kazi ninazo nyingi, isipokuwa hii inayonilipa. Kwa jirani mimi ni fundi feni. Kwa watoto wake ndiye mfungua simu zilizosahauliwa namba za siri. Sheha, kwenye barua ya kupeleka benki, aliniandika "mfanyabiashara mdogo," eti hilo halina maswali mengi. Kwa mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, mimi ni mtu anayelala mpaka saa nne asubuhi.

Nalala mpaka saa nne kwa sababu wenzangu wako California. Wao wakikaa mkutanoni saa tatu asubuhi, hapa Unguja ni saa moja usiku, watu ndiyo kwanza wametoka kuswali Magharibi. Nikishazoea, Novemba hiyo imefika, wanarudisha saa zao nyuma, mkutano unahamia saa mbili, juu ya Isha na juu ya chakula. Hawamuulizi mtu. Najifungia chumbani, shati juu, kikoi chini. Nje muuza kahawa anagonga vikombe vyake, paka wanapigana juu ya bati, na bosi ananiuliza kwa adabu zote sauti hiyo ni ya nini. Namwambia ni feni.

Basi leo alasiri nimevaa kanzu nyeupe, nimepanda daladala ya 505 nikakalishwa na ndoo ya samaki ya mtu, nikashuka mjini, nikaenda kwa miguu mpaka Kikwajuni. Mzee yuko barazani ananisubiri. Huyu mzee alikuwa mpimaji wa karafuu Pemba. Umri wake wote ameletewa magunia na watu wanaoapa kwamba karafuu zao zimekauka, yeye anatia mkono, anaivunja moja kwa kidole, anakwambia karudi ukaanike tena. Pembeni wapo wenzake wawili na bao. Mchezo umesimama, lakini wameinamia kete kana kwamba wanazihesabu.

"Masalkheri mzee."

"Masalkheri, karibu. Mpeni kahawa. Sasa mwanangu, kampuni yenu inatengeneza nini?"

Nikakaa sawasawa. Hili nilikuwa nimelifanyia mazoezi garini. "Chipu, mzee. Zile zinazoendesha akili mnemba. Ndizo zinazofanya hesabu zote mle ndani."

"Hapa Zanzibar?"

"La, kampuni iko Marekani. Mimi naifanyia kazi kutokea hapa."

"Kiwanda kiko Marekani."

"Kiwanda hatuna, mzee."

Kete moja ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota.

"Kampuni ya kutengeneza, haina kiwanda."

"Ndivyo zilivyo nyingi. Hata Nvidia, pamoja na ukubwa wake wote, chipu zake zinatengenezwa na watu wengine. Kiwanda ni cha TSMC, kule Taiwan. Sisi tunachora, wao wanatengeneza."

"Kwa hiyo wewe unachora."

Hapa ningesema naam, tukala tende, nikarudi nyumbani. Lakini macho ya mpimaji karafuu hayakupi nafasi. "Wanachora wenzangu. Mimi natafuta makosa kwenye mchoro wao."

"Aaa! Mkaguzi!" Uso ukamfunguka. "Sema hivyo basi. Chipu zinaletwa, unazipitia, mbovu unazitoa."

"Haziletwi, mzee. Bado hazijatengenezwa."

"Zitatengenezwa lini?"

"Mwakani, inshallah. Na zikitoka, mimi huwa nishahamishiwa kwenye nyingine."

"Ambayo nayo haijatengenezwa."

"Naam."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Ngoja nikuelewe, mwanangu. Kampuni haina kiwanda. Wewe huchori. Kitu chenyewe hakipo. Na wewe umekaa unakitafutia ila."

"Naam."

"Na unalipwa."

"Kila mwezi."

Mmoja wa wale wa bao akasema kwa masikitiko, "Mwanangu mimi kasomea uvuvi."

Nikaona heshima inaniponyoka, nikatoa silaha kubwa. Nikamwambia mzee, mwaka 1994 Intel walikuwa na chipu yao ya Pentium, imeshauzwa dunia nzima, kumbe ndani yake mna kosa la kugawanya. Kosa dogo, hesabu chache sana ndizo zilizoharibika, tena mbali huko nyuma ya nukta. Chipu si programu, mzee, huwezi kutuma marekebisho kwa intaneti mtu akaamka asubuhi imepona. Kilichochongwa kimechongwa. Ikabidi Intel watenge dola milioni 475 kwa ajili ya kuwabadilishia watu. Milioni 475! Kwa kugawanya! Janga kama hilo ndilo ninalolizuia mimi, usiku, watu wamelala.

Wa bao wakaacha kujifanya. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, nikajua mke nimepata.

"Na kosa lenyewe lilitangazwa na nani?"

"Profesa mmoja wa hisabati. Alikuwa anafanya hesabu zake, majibu hayaji sawa, akafuatilia."

"Mtu wa kampuni?"

"La. Wa chuo."

"Kwa hiyo wenye kazi kama yako walikuwepo pale."

"Walikuwepo."

"Na kila mwezi wakilipwa."

Nikanywa kahawa. Ilikuwa imeshakwisha, nikanywa hivyo hivyo.

"Hicho kitu kina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole: zile kubwa kama Nvidia H100, kipande chenyewe cha ndani hakizidi sana stempu ya barua. Ndani yake mna transista bilioni 80, vijiswichi vya kuwaka na kuzima.

"Bilioni themanini. Na umezipitia zote?"

"Hazipitiwi moja moja, mzee! Tunaiigiza chipu ndani ya kompyuta, tunaipa majaribio, tunaangalia inajibu nini. Na kuigiza kwenyewe ni kwa polepole. Kazi ya sekunde moja ya chipu kamili inaweza kula wiki na wiki."

"Sekunde moja, wiki na wiki."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana unaamka saa nne."

Nilikwambia tabia waliiulizia.

Kuanzia hapo nikapoteza mwelekeo. Akaniuliza hao Wataiwani wanachonga kwa chombo gani, nami kwa hasira za kutaka kueleweka nikamweleza kila kitu. Mashine zinatoka Uholanzi kwa kampuni ya ASML, na hakuna mwingine duniani anayeuza za namna ile. Mle ndani wanadondosha matone ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kila tone linapigwa kwa leza, mara elfu 50 kwa sekunde moja, na katika kupigwa huko ndipo unapotoka mwanga wa kuchorea.

"Mwanga huo ukoje?"

"Hauonekani kwa macho, mzee."

"Mwanga hauonekani."

"Hauonekani."

"Na chipu haipo."

Bibi akatokeza kichwa kutoka ukumbini. Yule yule wa anatibu au anatibiwa. Nilimjua kwa sauti alipoguna.

Mzee akamwashiria arudi ndani. Nadhani alianza kunionea huruma, maana aliuliza swali jepesi, la kunisaidia. "Haya, na umeme inakula?"

Yakhe, ningejibu "kidogo" yakaisha. Lakini mtu kakaa saa nzima anaonekana mwongo, akiulizwa kitu chenye tarakimu hushiba ghafla. Nikamwambia H100 moja ikikazana inafika wati 700. Hazifungwi moja moja, zinapangwa makabatini, na kabati moja la zile za Nvidia zilizofuata baada ya H100, lenye chipu 72, linakula kama kilowati 120. Kabati moja! Chukua ile kebo ya baharini ya 2013, inayotoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, ya megawati 100. Makabati mia nane na kitu yanaimaliza. Hakuna friji, hakuna feni, hakuna taa ya msikiti.

Baraza likanyamaza. Unaweza kumtania Mzanzibari kwa mambo mengi, lakini mwenye umri ule anaikumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima hakina umeme wa bara, maji kwa ndoo, barafu inauzwa kama dawa.

"Mwaka ule niliozesha mkubwa wangu," mzee akasema polepole. "Kwa genereta. Ilizima katikati ya nikaha. Shehe alisoma kwa tochi ya simu."

"Pole, mzee."

"Na wewe sasa unawasaidia Wamarekani kutengeneza kitu cha kumaliza umeme wa kisiwa."

"Si umeme wa kwetu, mzee."

"Hata hivyo. Afadhali hakipo."

Sasa hapa, jamani, ndipo nilipochoka. Nilisahau kanzu, nikasahau kwamba nimekuja kuoa. Nikamwambia mzee, mimi nimesoma miaka, nimekesha miaka, mchoro una sehemu elfu, kila sehemu inaweza kugombana na mwenzake, na tarehe ya kupeleka kiwandani haisogei. Kila siku mkubwa anauliza "tumefika wapi," na jibu la kweli haliwezekani, kwa sababu makosa uliyoyakamata unaweza kuyahesabu, yale usiyoyaona utayahesabuje? Mwenye kuchora akimaliza anapongezwa. Mimi nikimaliza naambiwa una hakika? Nikikuta kosa, mchoraji ananuna. Nisipolikuta, naulizwa nilikuwa nafanya nini. Halafu nikirudi mtaani nakuta feni mlangoni!

Mzee akaniangalia kwa muda. Akasema, "Mimi mkulima akiniletea gunia, nikisema bichi, ananichukia. Nikisema kavu halafu ghalani likaota ukungu, serikali inanichukia."

"Sasa si ndiyo hiyo, mzee!"

"Lakini karafuu zilikuwepo."

Ndiyo tukaishia hapo. Kasema watashauriana. Nilipokuwa natafuta viatu vyangu akaniita tena, wakikubali, kwenye kadi ya harusi waandike nini, maana watu watasoma. Nikamwambia waandike mwalimu.

"Wa skuli gani?"

Nikavaa viatu.

Mtoto wao wa kiume kanisindikiza mpaka njia kuu, kijana mwema, mpole, simu yake haishiki chaji. Nimeiona. Tundu limejaa vumbi. Nimelisafisha kwa kijiti cha meno mbele ya duka, amefurahi mpaka kanishika mkono, ameniambia hasa mimi ni mhandisi. Anayajua haya ya chipu? Hapana. Lakini ikifika kwa dada yake kupitia yeye, mimi sina neno.

Mama alikuwa kaniagiza pweza, nikapitia sokoni Darajani. Pweza wa leo huyo kwanza anaulizwa na hoteli, akikataliwa na hoteli anaulizwa na mgahawa wa watalii, akichoka kabisa ndipo anakubali kusalimiana na sisi wenye kisiwa. Nikauliza bei. Muuzaji akaitazama kanzu yangu, joho sina lakini nimepiga pasi, akataja bei ya watu wa joho. Nikamwambia bwana wee, mimi wa hapa hapa. Akasema najua, wewe si ndiye yule anayelipwa kwa dola?

Sasa hili mtaa mzima wanalijua. Kazi hawaijui, wala kampuni hawaijui, ila sarafu wameipata, na sijui nani kawaambia. Nimejaribu kumweleza kwamba dola zikifika hapa zimeshakatwa huku na huku, benki wamekula, waliotuma wamekula, kinachobaki unakihesabu ukiwa umesimama. Akanisikiliza vizuri tu huku anamfunga pweza kwenye gazeti kwa ajili ya mtu mwingine, mwenye hoteli. Nimechukua dagaa.