Darasa Zima Limepiga Kelele

Hii mita ya umeme ni kiranja wa hovyo! Badala ya kuandika majina ya wapiga kelele, inaandika namba moja: darasa zima. Lawama zote zinaangukia taa ya barazani na chaja ya simu. Chaja isiyo na simu mara nyingi haifikishi nusu wati. Iache mwezi mzima, haimalizi hata nusu uniti. King'amuzi je? Kimejilaza pembeni na kitaa chekundu, kinajifanya kimelala, kumbe kinavuta wati 12 usiku na mchana. Zidisha kwa saa 720 za mwezi: uniti 8.6! Taa ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 4 kila jioni, ni uniti 1.1. Na anayefokewa ni aliyesahau taa.

Haya, umepata kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Umekitazama dakika tano, kimesoma wati 2, umeitangaza friji kuwa malaika. Kompresa ilikuwa imepumzika, bwana! Friji hupimwa saa 24, wiki ikiwa bora zaidi, na kinachosomwa ni kWh (ndizo hizo uniti), siyo wati. Pasi nayo huwaka na kuzima yenyewe. Afadhali birika, halina unafiki: wati 2,000 kwa dakika sita, uniti 0.2, basi.

Hita ya kuogea ya kilowati 5 usithubutu kuiunganisha na kipima cha ampea 13, utanusa plastiki. Hiyo inataka mita ya kubana, ile yenye taya inayoshika waya na kusoma ampea. Sasa mtu anabana kebo nzima, inasoma sifuri, anashangilia kwamba anaoga bure! Umeme uendao kwenye laini na urudio kwenye nyutro unafutana, ndiyo maana. Ubanwe waya mmoja tu, na kwa kuwa uko ndani ya bodi ya umeme, fundi ndiye afungue. Ukipima kitu chenye mota, ampea mara volti itakupa wati za kupaa, kwa sababu ya pawa fakta, yaani ile sehemu tu ya ampea mara volti inayofanya kazi kweli.

Huna kipimo chochote? Zima vyote ubakize kimoja, chuchumaa mbele ya mita. Ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kitaa chake hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti, gawa 3,600 kwa sekunde zinazopita kabla hakijapepesa tena: sekunde 36 ni wati 100. Ila friji ichomoe kabisa, maana itangoja ufike sekunde ya 35 ndipo ingurume.