Katuni za njia panda: mtoto anachagua nini hasa?

Juzi dada yangu aliniuliza akiwa anabangua korosho barazani kwake, Magomeni, hapa Mtwara: aifute au aiache? Alikuwa anaisema programu ya katuni ambayo wanawe wameing'ang'ania kwenye simu yake. Hii si katuni ya kukodoa macho tu. Sungura anatembea, anafika njia panda, picha inasimama na vinatokea vitufe viwili: aingie pangoni au avuke mto. Mtoto akigusa kimoja, hadithi inafuata huko. Mimi ndiye mjomba mtu, na kwetu Kusini mjomba akiulizwa jambo la watoto hajibu "shauri yenu". Nikaomba siku mbili tatu niwatazame wanavyotazama.

Mtindo wenyewe una umri. Mfululizo maarufu wa vitabu vya Marekani vya "ukitaka hivi, nenda ukurasa fulani" ulianza kutoka mwaka 1979. Netflix iliuleta kwenye filamu zake Juni 2017, ikaanzia kwa watoto, kwa katuni. Desemba 2024 ikaziondoa karibu filamu zote za aina hiyo, na zilizosalia zikafuata 2025. Sasa mtindo umebaki zaidi kwenye programu ndogondogo za simu na kwenye YouTube, ambako kila njia huwa ni video yake.

Kuna hesabu moja inayoeleza mengi. Hadithi ikiwa na njia panda 10, kila moja yenye njia mbili, na kila njia ichorwe peke yake hadi mwisho, utahitaji miisho 1,024. Hakuna anayechora hivyo. Wachoraji huzirudisha njia zikutane: uingie pangoni, uvuke mto, jioni sungura yuko nyumbani kwa mzee yuleyule. Mpwa wangu mkubwa, wa miaka 8, ameshalishtukia. "Mjomba, kote unatokea kwa yule mzee." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja njia za kwenda sokoni.

Wanaozipinga katuni hizi hushikilia hapohapo: mtoto anadhani anaamua, kumbe ameamuliwa. Hoja ni ya kweli, ila hainitishi sana. Hata mchezo wa bao una mashimo yake, na hakuna anayelalamika kwamba kete haziwezi kwenda nje ya mbao. Kilichonigusa ni kingine, nacho nilikiona kwa mdogo, wa miaka 4.

Vitufe vimeandikwa Kiingereza. Mdogo hajui kusoma hata Kiswahili, kwa hiyo akiwa peke yake anagusa chekundu. Kila njia panda, chekundu. Akichelewa, programu inajichagulia na kuendelea. Dakika ishirini nzima sikusikia neno kinywani mwake. Huyo, kwa maoni yangu, hana tofauti na mtoto anayetazama katuni ya kawaida, labda kidole chake tu ndicho kimechoka zaidi.

Jioni akakaa na kaka yake, simu imeegemezwa kwenye sufuria.
"Usiende pangoni, kuna dubu!"
"Umejuaje?"
"Si jana tuliliwa!"
"Basi tuvuke mto."
"Mtoni je, unajua kuogelea wewe?"

Hapo nikasimamisha masikio. Mtoto wa miaka 4 anakumbuka la jana, analinganisha, anatetea rai yake mbele ya mkubwa. Katuni ya kunyooka moja kwa moja haijawahi kuwafanya hawa wabishane hivyo.

Bibi yao, aliyekuwa mkekani, hakufurahishwa na jambo moja tu: sungura aliyeliwa anarudi mzima. "Wa kwangu akiliwa, kaliwa," alisema. Sina hakika kama mtoto wa miaka 4 anahitaji kifo cha kweli kila usiku. Lakini hadithi ya bibi ina mwisho, watoto wanaujua, wanalala. Hii inasema rudi uchague tena, na tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku akiwa amekaa tu, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa kitu kisicho na mwisho, saa moja inapita kabla mama hajamaliza kubangua sahani moja. (Tuwe wakweli: bibi naye siku akichoka husema "hadithi imeishia hapo" sungura akiwa bado njiani.)

Halafu kuna bando. Watoto wengi huku, hasa vijijini, wanapata katuni kwenye memori kadi iliyojazwa kwa fundi sokoni. Njia panda ya YouTube haijazwi hivyo. Ukiondoa intaneti unabaki na vipande. Ndiyo maana naona Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, ililiona tatizo mapema: iliuliza maswali, mtoto akajibu kwa SMS, hata kwa kitochi. Haikuwa njia panda ya hadithi, lakini ilikuwa kwa Kiswahili, na jibu halikutegemea rangi ya kitufe.

Nikamrudia dada na jawabu: asiifute. Ila wasitazame mmoja mmoja, na ukifika mwisho wowote ule, simu inawekwa kabatini. La kwanza amelikubali palepale. La pili, anasema, nije nilitekeleze mwenyewe, kila jioni, mimi mjomba mtu.