Kwenda shamba kuandika: kambi inamfaa nani?

Mpango wa kambi ya waandishi ni rahisi kuueleza. Waandishi watano au sita wanachangishana, au wanatafuta mfadhili, wanakodi nyumba shamba huko Pemba, tuseme upande wa Konde au Ole, na wanakaa siku kumi hadi wiki mbili za kipupwe wakiandika tu. Wakati huo masika yamekwisha, joto limepungua, na walimu, ambao ni wengi miongoni mwa waandishi wetu, wako kwenye likizo ya katikati ya mwaka. Wanaoupenda mpango huu wanasema mjini hakuandikiki. Wasioupenda wanauita anasa ya kuiga, na wanauliza kwa nini fedha hizo zisichapishe kitabu.

Hoja ya hawa wa pili si ya kubezwa. Haji Gora Haji wa Tumbatu alikuwa mvuvi, na ushairi wake haukusubiri mtu amlipie chumba. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021, kwa miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, huku akiandika riwaya zake. Pemba ya Kamange na Sarahani, washairi wa zamani wa kisiwa hicho, haikujua kambi. Ila hoja hii inawahesabu walioweza. Mswada uliokwama sura ya tatu kwa kukosa saa mbili za utulivu kila siku hauna mtu wa kuutaja, kwa hiyo katika ubishi huu haupigi kura.

Waliozianzisha kambi hizi ng'ambo walilijua hilo mapema. MacDowell, kambi ya wasanii iliyopo New Hampshire, Marekani, tangu mwaka 1907, ina desturi ambayo wengi huichukulia kuwa kichekesho: chakula cha mchana kinaletwa kwa kikapu na kuachwa mlangoni mwa mwandishi. Hakuna anayegonga, hakuna anayeuliza umefika wapi. Msitu unaoizunguka MacDowell hupigwa picha nyingi, lakini kinachotoa kurasa ni kile kikapu, kwa sababu siku haikatwi katikati na wala hakuna aliyelazimika kufikiri wapike nini.

Hapa ndipo mjadala wetu unapokosea njia. Pande zote mbili zinabishana kuhusu ukimya, wakati jambo lenyewe ni kazi za nyumbani na nani anazifanya.

Mchukue mwalimu wa skuli huko Wete, mama wa watoto watatu. Anaamka kabla ya alfajiri, chai, watoto wavae, skuli mpaka mchana, chakula, nguo, madaftari ya kusahihisha, wageni wa jioni ambao hawarudishwi mlangoni, chakula cha usiku. Kinachobaki ni nusu saa baada ya saa nne usiku, naye yu hoi. Siku kumi za kambi, kwa saa tano kila siku, zinampa saa hamsini. Kwa nusu saa zake za usiku angezipata saa hizo kwa siku mia moja, na tena zikiwa vipandevipande: kila usiku dakika kumi za mwanzo zinaishia kutafuta alipoachia.

Sasa mchukue mwanaume anayewekewa chai, anayefuliwa nguo, ambaye akifunga mlango wa chumba chake watoto wanaambiwa baba anafanya kazi. Huyu kambi anayo nyumbani tangu aoe. Kinachomzuia kuandika ni simu na baraza. Simu atakwenda nayo Konde mfukoni, na baraza ataikuta huko huko, na kahawa yake. Lakini nafasi zikitangazwa, yeye ndiye wa kwanza kujiandikisha, kwa kuwa haimgharimu kitu kuondoka.

Kwa hiyo anayepinga kambi kwa kumwangalia huyu wa pili ana haki kabisa, na anayeitetea kwa kumwangalia yule wa kwanza naye ana haki. Ila kambi nyingi huandaliwa kana kwamba wote wawili ni mtu mmoja, na hapo fedha zinapotea.

Angalia jikoni. Waandaaji wanaotaka kubana matumizi hupanga zamu za kupika. Siku ya kwanza zamu inafuatwa. Siku ya pili mmoja hajui kuwasha mkaa, mwengine kaunguza wali. Ikifika siku ya nne wanawake wa kambi wanapika na wanaume wanachota maji kwa mbwembwe. Mwalimu wetu amesafiri kutoka jiko moja kwenda jingine. Mpishi wa kijijini alipwe, alipwe vizuri, na isiwe kazi ya hisani ya mke wa mwenye nyumba. Kwa watu sita hesabu si kubwa: mchele kilo moja na nusu kwa mlo mmoja, samaki anunuliwe diko, wanaposhukia wavuvi, asubuhi badala ya kulimbikizwa kwenye friji ambayo umeme ukikatika inageuka kabati, na asubuhi muhogo au mkate wa kumimina na chai. Mlo mzito uwe wa usiku. Wali wa nazi na mchuzi wa pweza saa saba mchana ni mtamu, lakini ndio mwisho wa kazi kwa siku hiyo. Maji ya kisima yaachiwe matumizi mengine. Ya kunywa yachemshwe jioni, lita tatu kwa kila mtu, yalale yakipoa.

Safari nayo ina lake. Kipupwe ndio msimu wa upepo wa kusi, na boti ikifika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba abiria wengi hutapika. Anayetoka Unguja asitarajie kuandika siku anayoshuka bandari ya Mkoani, Pemba. Ukiondoa siku ya kwenda na siku ya kurudi, siku kumi ni nane, na kambi ya siku tano ni tatu. Ya siku tano ni matembezi.

Meza ndiyo inayosahaulika kila mara. Nyumba nyingi za shamba zina meza moja, ya sebuleni, na waandishi wanaishia kuandika kitandani, kompyuta juu ya mapaja. Siku ya tatu mgongo unakataa. Kwa kuwa skuli zimefungwa, mwalimu mkuu akiombwa mapema, kwa barua na kupitia kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, anaweza kuazimisha meza na viti vya walimu. Madawati ya watoto wa msingi ni mafupi mno kwa mtu mzima. Meza iwekwe ukutani mwa kaskazini au kusini ili jua la asubuhi lisipige kioo cha kompyuta. Chini ya bati lisilo na dari, tangu saa sita hadi saa tisa hakukaliki hata kipupwe, basi kazi ianze baada ya sala ya alfajiri, ipumzike kwa chai saa tatu, na ikome adhuhuri.

Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, uliounganishwa mwaka 2010. Kabla ya hapo kisiwa kiliendeshwa kwa majenereta. Kwa hiyo umeme upo, na mita ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ijazwe kabla ya kuondoka mjini, lakini waya za shamba zinapita kati ya minazi na mikarafuu, na tawi moja likianguka kwa upepo linaweza kuzima kijiji kizima mpaka mafundi wafike. Wengi hujikinga kwa pauabenki za simu na wanashangaa zikishindwa kuchaji kompyuta. Sababu ni kwamba nyingi hutoa volti chache, na kompyuta mpakato nyingi zinahitaji zaidi ya hapo. Pauabenki ya mAh 20,000 inabeba kiasi cha saa-wati 74. Ikiwa ni ya aina inayoweza kuchaji kompyuta, ukitoa kinachopotea njiani, inaijaza kompyuta ya kawaida mara moja tu. Umeme ukirudi huweza kurudi kwa kishindo, basi chaja ichomolewe pale pale unapokatika.

Dawa bora ya tatizo hili ni karatasi. Mswada wa maneno 50,000, kwa maneno 300 kila ukurasa, ni kama kurasa 167. Uchapwe mjini Chake Chake kabla ya kwenda shamba, kwa mashine ya leza. Wino wa mashine za kunyunyiza hutawanyika karatasi ikipata unyevu, na Pemba unyevu hautafutwi. Kwa kurasa arobaini kwa siku, kalamu mkononi, mswada mzima unasomwa kwa siku nne na kidogo, na siku zinazobaki ni za kuandika upya kile ambacho kalamu imekikata.

Hii inatuleta kwenye suala la nani aje na nini mkononi. Anayekuja bila mswada, akitumaini kwamba mikarafuu itamnong'oneza, ndiye anayeipa kambi jina baya. Siku tatu za kwanza anatembea, ya nne anaandika ukurasa na kuufuta, ya tano anaanza kuwatembelea wenzake vyumbani. Kuanza riwaya hakuhitaji saa tano mfululizo. Mtu anaweza kuanzia daladalani, kwenye daftari la mkononi. Kinachohitaji saa tano mfululizo ni kuishika riwaya nzima kichwani kwa pamoja: kuona kwamba mhusika aliyekufa sura ya nne anaagiza chai sura ya tisa, kwamba vuli imekuja mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kazi hiyo haigawanyiki kwa nusu saa za usiku. Kambi iwe ya wenye rasimu kamili, hata kama ni mbaya. Mbaya ni bora, kuna cha kufanya.

Usiku, baada ya isha, watu husomeana. Ni kizuri na ni hatari. Wasome wawili tu kwa usiku, kurasa kumi kila mmoja, kwa sauti. Kwa watu sita zamu inarudi kila baada ya siku tatu. Wakisoma wote sita kwa mkupuo, maoni yanakuwa ya juu juu, kikao kinavuka saa sita na alfajiri haiamkiki. Na mswada usiguswe usiku huo huo. Wapo wanaobadilisha sura ya kwanza kila baada ya maoni, wakarudi mjini na sura ya kwanza nzuri sana na kitabu kile kile.

Upande wa wenyeji mara nyingi haupewi nafasi katika ubishi huu, na ndio ambao ningeupa uzito zaidi. Kijiji si hoteli. Wageni sita wanaojifungia ndani mchana kutwa, wanaume na wanawake chini ya paa moja, hawana pa kuyakimbilia maneno ya watu. Sheha apigiwe hodi kabla, aambiwe ni akina nani na wanafanya nini, na nyumba ziwe mbili. Mwanamke aliyeacha mume nyumbani ataulizwa, tena na wanawake wenzake. Akiwa na mtoto mdogo aje naye, ataulizwa kidogo na atafanya kazi kwa amani zaidi, mradi kuna aliyelipwa kumshika mtoto.

Kisha kuna hili la kuchukua habari za kijiji na kuzitia kitabuni. Karafuu zikiwahi, jioni familia hukaa juu ya jamvi kuchambua, punje huku, makonyo kule, vidole vinakwenda vyenyewe na mazungumzo yanakwenda navyo: nani kaposwa, nani kauza shamba, nani kapandisha shetani. Mwandishi akikaribishwa kukaa, atachambua kama wengine, na atasikia lugha ambayo hakuna kamusi itakayompa. Ndiyo faida kubwa ya shamba ambayo nyumba ya mjini haina. Lakini kijiji kidogo kinajisoma upesi. Ukibadilisha jina la mtu na kumwachia kilema chake, shamba lake na talaka yake, hujamficha. Na anayetaka kwenda na kinasa sauti kwa wazee kwa utaratibu, hiyo tayari ni kazi ya utafiti, ina kibali chake.

Wapo wanaopendekeza pwani ya mashariki ya Unguja badala ya Pemba, kwa kuwa iko karibu. Paje na Jambiani kwa miezi hiyo ni msimu wa watalii, kodi za nyumba ziko juu, na muziki wa usiku hauhitaji maelezo. Makunduchi pangefaa zaidi, ila Julai kuna Mwaka Kogwa, na hakuna atakayebaki mezani.

Kuna njia ya tatu ambayo wapinzani wangeitumia kama wangependa: fedha za boti, nyumba na chakula wapewe waandishi wale wale wabaki makwao, kwa sharti kwamba zimlipe mtu wa kupika na kushika watoto asubuhi kwa mwezi mzima. Kwa saa, inaishinda kambi. Kinachoiangusha ni kwamba mwanamke aliyepo nyumbani huhesabiwa kuwa yupo. Jirani ataingia, wifi atatuma mtoto, mkwe ataugua, na fedha zitakwenda kwenye ada ya skuli, ambako ndiko zinakohitajika. Umbali wa Konde unamkatalia watu ambao yeye mwenyewe hawezi kuwakatalia. Kwa mwanaume mwenye chumba chake, njia hii haina kasoro yoyote, abaki nyumbani na azime simu.

Basi kambi iandaliwe, kwa sita, siku kumi, wenye rasimu, na katika bajeti fungu la kwanza kuandikwa liwe la yule atakayebaki na watoto kwao Wete au Chake, kabla ya nauli ya boti. Fomu ya maombi nayo ipunguzwe maswali ya vyeti na tuzo. Iulize siku hizo kumi nani atapika kwenu, na anayejibu kwamba jambo hilo hajawahi kulifikiria awekwe mwisho wa foleni.