Maporomoko Yapo, Ila Yako Chini

Kwa kuwa shemeji ameshamwaga mtama kwenye kuku wengi, acha na mimi niseme yangu. Ile video aliyoisambaza, ya mimi na wakwe zangu kando ya Nile pale Jinja, ni ya sekunde chache tu, tena imekatwa mahali pabaya. Wanaosema nilitumbukia mtoni hawakuwepo. Sikutumbukia. Niliteleza, mguu mmoja ukaingia. Na yule jamaa yetu wa duka la simu hapa Kisenyi, Kampala, anayewasimulia wateja eti nilimlipa mtu wa mtumbwi arudishe maji yalivyokuwa, hebu aulizwe: siku hiyo alikuwa Jinja au alikuwa dukani anauza chaja? Ni kweli mtu wa mtumbwi nilimlipa, ila kwa jambo jingine. Nitafika huko.

Wakwe zangu walikuja kutoka Muheza. Mama mkwe mwenyewe, kaka yake ambaye sote tunamwita Mjomba, na huyo shemeji mwenye simu ya kamera tatu na adabu nusu. Mjomba anaishi Tanga mjini, na tangu aliposikia kwamba bomba la mafuta la kutoka Hoima, huku kwetu Uganda, kilomita 1,443, linakwenda kuishia kwao Chongoleani, anajiona mwenye hisa. Alipofika nyumbani hakuniuliza hali. Aliuliza, "Mafuta yetu mmeyaweka wapi?"

Sasa wageni wa namna hiyo huwezi kuwapeleka sokoni Owino ukasema umewatembeza. Nilikuwa nimeshatangaza kwenye lile kundi la ukweni la WhatsApp, kwa sauti, tena kwa muda mrefu, kwamba wakija nitawaonyesha maporomoko ya Bujagali, kwenye Nile karibu na Jinja. Mama mkwe akajibu kwa kiganja cha dua. Shemeji akajibu "tutaona". (Lile neno lilikuwa na nuksi, sikulitilia maanani.)

Msiniulize kwa nini Bujagali. Nilipelekwa na shule nikiwa darasa la sita, na nakumbuka kila kitu. Ile ngurumo uliyoisikia kabla hujaona tone la maji. Povu jeupe likiruka juu ya mawe. Na yule kijana aliyekumbatia dumu la njano, akajitupa katikati ya mawimbi, akapotea, sisi tukapiga mayowe, akaibukia kule chini anacheka, kisha akapanda kutudai hela tulizopewa za soda. Picha hiyo haijanitoka kichwani. Tangu hapo Jinja napita sana nikienda Busia kwa shughuli zangu, lakini napita juu kwa juu. Navuka daraja jipya, naziangalia zile nyaya, nasema mashallah, naendelea. Sijawahi kukata kushoto. Kukata kushoto kufuata nini, kama kitu nakijua?

Siku yenyewe ilianza vizuri mno, na hapo ndipo ningeshtuka. Tulikodi gari, tukasimama Namawojjolo, wauzaji wakatuvamia na kuku wa vijiti hadi Mjomba akapandisha kioo kwa woga, kisha akakishusha na kununua wawili na gonja, ndizi za kuchoma, juu. Msitu wa Mabira tukaupita mama mkwe akisoma dua za safari. Darajani nikawaambia hili limefunguliwa 2018, halina mfano wake, na huku chini ndiyo Nile. Mama mkwe akasema, "Subhanallah." Nikajiona nimeshamaliza mahari upya.

Kwenye chanzo cha Nile tukamkuta mtembezaji wa pale, kijana anayejua kazi yake. Akawaeleza kuhusu Speke, yule mpelelezi Mwingereza aliyefika mwaka 1862, akawaonyesha mahali yalipokuwa maporomoko ya Ripon, akasema yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, hili linaloitwa Nalubaale siku hizi, lililoanza kazi 1954. Basi tuko garini, Mjomba anachokonoa meno, akaniuliza taratibu, "Na hayo tunayokwenda kuyaona, hayajazamishwa?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka hadi nikapiga usukani. "Mjomba, mtu anazamisha maporomoko mara ngapi?"

Tukakata kushoto. Kila kibao njiani kinasema Bujagali, nami kila kibao nakisoma kwa sauti, kana kwamba nimekiandika mimi. Mbele kidogo nikasimama kwa bodaboda mmoja aliyekaa kivulini, nikamuuliza kwa Kiluganda njia ya kushukia kwenye maporomoko. Akaniangalia. Akaliangalia gari. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba maporomoko yaliisha zamani.

Mama mkwe akauliza nyuma, "Anasemaje?"

"Anasema yanaishia hapo mbele, mama. Tumekaribia."

Wale mnaonijua mnajua ninavyowachukulia hawa vijana wa kando ya barabara. Nilijua anataka hela ya kutuongoza. Nikamwambia mimi si mgeni, mimi mtoto wa Kampala, asinichezee. Akasema sawa, ssebo, yaani bwana. Akawasha pikipiki na kutufuata nyuma, polepole, hana haraka. Nilidhani ananing'ang'ania. Kumbe alikuwa haachi tamasha limpite.

Tukaegesha. Tukashuka. Shemeji akasimama, akatega sikio. "Mbona kimya? Si ulisema yananguruma?"

"Upepo unavuma kwenda upande ule," nikamjibu.

Hakukuwa na upepo. Jani halikutikisika.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo video inapoanza, na mnahitaji kujua kilichokuwa kichwani mwangu. Mimi nilitaka mama mkwe ashangae. Nilitaka aone kitu cha kwenda kuhadithia Muheza mwaka mzima. Ndiyo maana, kabla ya ile kona ya mwisho ya kinjia, mahali ambapo mti mkubwa unaficha mto, niliwasimamisha wote nikasema, "Mama, naomba mfumbe macho. Wote. Mjomba na wewe."

Wakafumba. Mama mkwe akajifunika na ncha ya khanga kabisa, asije akachungulia. Nikamshika mkono. Hatua kwa hatua, "hapa kuna jiwe mama, inua mguu, ndiyo hivyo." Mke wangu anamshika Mjomba. Shemeji hakufumba, shemeji alikuwa ameshaanza kurekodi. Mimi natembea kinyumenyume, uso wangu kwao, mgongo kwenye maji, maana nilitaka kuziona sura zao watakapofumbua. Sikugeuka. Hata kidogo. Nimejiuliza sana usiku: ungegeuka tu, wewe mtu, ungekufa?

Nikafika kwenye jiwe la ukingoni. Nikawapanga mstari. Nikatanua mikono yote miwili. Nikasema, na haya mmeyasikia wenyewe kwa sauti yangu, "Wageni wangu wapendwa, mto mrefu, wenye safari ya zaidi ya kilomita 6,000 hadi Misri, unaanza hasira zake hapa. Moja. Mbili. Tatu. Fumbueni!"

Wakafumbua.

Mjomba alikuwa wa kwanza. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniangalia mimi, akarudi kushoto. Mke wangu alitazama mara moja tu, kisha akatazama viatu vyake na hakuinua uso tena. Mama mkwe ndiye aliyechukua muda. Akaishusha khanga polepole. Akapepesa. Akanitazama usoni, uso wa mtu anayetaka kusaidia.

"Baba, umesema nifumbue?"

"Ndiyo mama."

"Nimefumbua."

Hapo ndipo nilipogeuka.

Ziwa. Ndugu zangu, lilikuwa ziwa. Maji mapana, yametulia tuli, ya kijani. Mnandi wawili wamekaa juu ya mti mkavu uliochomoza majini, wanakausha mabawa. Katikati, mzungu mmoja kwenye kayaki amelala chali, kofia usoni, kasia kifuani. Mahali ambapo kijana wa dumu la njano alipigania roho yake, mtu amelala usingizi wa mchana.

Nikasema neno ambalo sijui lilitoka wapi. Nikasema, "Ni kiangazi, maji yamepungua."

Mama mkwe akayatazama yale maji, yaliyojaa hadi kwenye mizizi ya miti. Mtoto wa Hale huyu, amekulia kando ya Pangani, pale penye mtambo wa umeme. Akasema taratibu, bila kunidharau, na hilo ndilo lililoniua: "Hayajapungua, baba. Yamejazwa. Kuna bwawa hapo chini."

Kwa nyuma, yule bodaboda akaongeza kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mama amesema kweli. Walijaza 2011, mtambo ukazinduliwa 2012. Megawati 250."

Nikataka kusogea ili nisitazamane na mtu. Ndiyo hiyo hatua mnayoirudiarudia. Jiwe lina utelezi, mguu wa kulia ukaingia majini hadi gotini, nikauvuta kwa nguvu zote, ukatoka bila kiatu. Kiatu cha Idi. Kikaelea. Na hapa nataka mtulie muone dhuluma yenyewe: hakikwenda popote. Mto Nile, ambao mimi nimetoka kuusifu kwa hasira zake, ulishindwa kubeba kiatu namba 42. Kilikaa pale pale, mita tatu kutoka nilipo, kinazunguka polepole kama kinatafuta kibla. Sote tukasimama tukikitazama. Hakuna aliyesema kitu kwa muda ambao shemeji ameukata kwenye video, lakini mimi naujua urefu wake.

Mjomba ndiye aliyevunja kimya. "Hicho Misri hakifiki."

Basi. Mzungu akaamshwa na vicheko, si vyetu tu, ukingo wote ulikuwa umeshajaa watoto. Mtu wa mtumbwi akakifuata kiatu, akataka shilingi 20,000, nikatoa bila kubembeleza. Hiyo ndiyo hela mnayoisikia. Kiatu, si maji.

Bodaboda akawa ndiye mwongozaji wetu, maana mimi nilishavuliwa cheo. Alitueleza mengi pale, na moja limenikaa hadi leo. Anasema kabla bwawa halijajaa, palifanywa matambiko ya kuuhamisha mzimu wa Budhagaali, mwenye mahali pale tangu enzi. Yaani hata mzimu ulipewa taarifa. Mimi, raia, mlipa kodi, sikupewa. Na umeme wa pale ndio uliochaji simu iliyonirekodi, mkitaka kujua jinsi nchi ilivyonizunguka pande zote.

Akatupeleka Itanda, kaskazini zaidi, mwendo wa vumbi tupu. Huko maji yapo, yananguruma, yanatapika povu, mama mkwe kalowa hadi kilemba na kucheka kitoto. Picha nzuri zote mlizoona kwenye ukurasa wangu ni za Itanda. Nilipoandika "Nile" sikudanganya. Bodaboda akatuambia bwawa la Isimba, lililozinduliwa 2019, lilimeza maporomoko mengine huko chini, kwa hiyo wenye wageni wafanye haraka. Nikamlipa mara mbili ya alichotaja, akanishukuru akiniita ssebo ileile ya mwanzo, ila safari hii niliisikia vizuri.

Kurudi, mke wangu hakusema neno hadi Lugazi. Alipolisema, lilikuwa, "Upepo?"

Halafu mnajua yaliyofuata. Kundi la ukweni limebadilishwa picha, sasa ni kiatu.

Ila msimamo wangu ni uleule, na atakayebisha aje tubishane: maporomoko yapo. Hakuna aliyeyabomoa. Mawe ni yaleyale, mahali ni palepale, niliwapeleka sawasawa. Yako chini tu. Kama wageni wangu hawajui kupiga mbizi, hilo si kosa la mwenyeji.

Sasa mama mkwe kanogewa. Amerudi Muheza na ameshapiga simu, safari ijayo anataka maporomoko ya Murchison, pale Nile nzima inapobanwa kwenye mwanya wa mita kama 7 na kuanguka zaidi ya mita 40. Nikamwambia mama, hiyo sasa rahisi, barabara ya Masindi kwenda Paraa, ndani ya hifadhi ya huko, imepigwa lami kwa ajili ya mafuta ya Mjomba, hata kivuko hakuna haja, kuna daraja. Akasikiliza yote, akaitikia "ehe, ehe". Mwisho akasema, "Baba, piga simu kwanza."

Na msicheke, maana mwaka 2019 palizuka mpango wa kujenga bwawa kwenye maporomoko ya Uhuru, jirani kabisa na Murchison, hadi watu wakapiga kelele. Kwa hiyo nimepiga. Nimetafuta namba ya watu wa huko, akapokea dada mmoja, nikamsalimia vizuri, nikauliza kama maporomoko bado yapo.

Akanyamaza kidogo. Kisha kwa adabu kabisa: "Asubuhi yalikuwepo, ssebo."

Nimempelekea mama mkwe jibu kama lilivyo. Ameuliza, "Asubuhi ya leo?"