Kosa la Ding halimvui Gukesh taji

Mwandishi, nimesoma hoja yako kwamba taji la dunia la sataranji (chess), alilolitwaa Gukesh wa India huko Singapore 2024, "liliokotwa" kwa sababu bingwa mtetezi, Ding Liren wa China, alikosea mwishoni. Sikubaliani nawe hata kidogo. Hapa Mwanga, Kigoma, kijiweni kwetu pa drafti, ubishi huo tuliubishana hadi giza likaingia.

Tazama mchezo wa 14 wenyewe, wa mwisho. Kabla yake matokeo ni pointi 6.5 kwa 6.5. Gukesh ana askari (kete ndogo) mmoja zaidi, tena askari wote waliobaki wako upande mmoja wa ubao. Wengi wangepeana mikono, sare, waende kwenye michezo ya haraka ya kuamua mshindi. Kijana wa miaka 18 akakataa! Akaendelea kusukuma saa nyingi, Ding akiwa na muda mchache kuliko yeye. Hatua ya 55 Ding akapeleka kete yake ya ngome kwenye mraba wa f2, na hilo ndilo kosa lenyewe. Ngome zikalana, na kete ya askofu ya Ding, iliyojibanza kwenye kona ya a8, haikuwa na pa kukwepa, ikabadilishwa na askofu wa Gukesh. Wakabaki wafalme na askari, na kwa askari yule wa ziada wa Gukesh, basi, kwisha. Mtego ule ungepatikana wapi kama Gukesh angeomba sare mapema?

Na Ding tumheshimu. Alishinda mchezo wa 1, akashinda wa 12 siku moja baada ya kupoteza wa 11. Mzee mmoja hapa, bingwa wa bao, aliniambia: mwanangu, anayechoka wa kwanza ndiye anayekosea. Uvumilivu nao ni mchezo, ndugu mwandishi.