Sista, Huyu Binti ni Mzima?

Muuguzi wa zahanati ya kijijini huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania huulizwa maswali mazito akiwa nje ya zahanati. Anaulizwa mnadani akichagua viazi, anaulizwa kanisani ibada ikiisha, anaulizwa msibani sahani ikiwa mkononi. "Sista, kijana wetu anataka kuoa pale kwa fulani. Wewe watu wa pale unawajua. Huyo binti ni mzima?"

Anayeuliza anataka kujua kama binti ana virusi vya UKIMWI, yaani VVU, na hana nia ya umbeya. Mara nyingi ni shangazi aliyezika kaka zake miaka ile ambayo dawa zilikuwa hazijafika, akabaki na watoto wao. Anauliza kwa hofu ya kweli, na anamuuliza mtu anayemwamini. Ndiyo maana swali linauma.

Nimefanya kazi ya uuguzi katika mikoa hii muda wa kutosha kulisikia swali hilo kwa Kiswahili, kwa Kihehe na kwa Kibena. Msimamo wangu ni kwamba halijibiwi. Halijibiwi hata pale ambapo binti ni mzima kabisa na neno moja tu lingemtuliza shangazi. Leo ukisema "huyo mzima, oeni," kesho ukaulizwa juu ya mwingine ukanyamaza, kimya chako kimeshatangaza. Wenzangu wengi wazuri wananaswa hapo. Wanadhani siri ni ya wagonjwa tu, na kwamba habari njema haina madhara.

Uzito wa jambo hili kwetu unatokana na hali yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Kwa Njombe hiyo ni karibu mtu mzima mmoja katika kila wanane. Hakuna ukoo usioguswa, na muuguzi anayeishi kijijini humo anajua ni nani katika ukoo upi. Anajua la jirani yake, la mwalimu wa mwanawe, pengine la wifi yake. Daktari wa hospitali kubwa mjini anaweza kumaliza mwaka bila kukutana sokoni na mgonjwa wake. Sista wa zahanati anakutana naye kisimani.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 iko wazi kwamba majibu ya kipimo ni siri na ni ya aliyepimwa. Ina milango michache: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenza, mahakama. Shangazi hayumo. Mama mkwe hayumo. Mchungaji hayumo. Sheria hiyohiyo inamtaka aliyekutwa na maambukizi amweleze mwenza wake mara moja. Kazi ya muuguzi ni kumsaidia atimize hilo: kumwandaa, kumwambia alete mwenzake, kukaa nao wote wawili mlango ukiwa umefungwa. Akikataa kabisa na mwenza yuko hatarini, suala linapelekwa kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, linajadiliwa, linaandikwa. Kunong'ona mnadani ni kitu kingine kabisa.

Nawasikia wanaosema kwamba neno dogo kabla ya harusi linaokoa maisha. Nimewasikiliza kwa heshima na bado sikubaliani nao. Kinachookoa maisha ni vidonge. Mtu anayemeza dawa zake kila siku, virusi vikafubaa hadi kipimo hakivioni, hawezi kumwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana. Sasa fikiria kijiji ambacho neno limevuja mara moja tu kutoka zahanati. Wanaotumia dawa wanahama. Mtu wa Makete anapanda basi alfajiri na baridi ile kwenda kuchukua dawa Njombe mjini au Mbeya, mahali asikojulikana. Bei ya viazi ikianguka hana nauli. Masika barabara ikiharibika haendi. Dozi inakatika, virusi vinapanda. Na wale ambao hawajapima hawapimi tena. Neno lililokusudiwa kumlinda bwana harusi mmoja limewaweka wengi hatarini.

Lakini sitaki kuwabebesha wauguzi peke yao, kwa sababu sehemu kubwa ya uvujaji haipiti mdomoni mwa mtu yeyote. Inapita kwenye jengo. Nenda vituo vingi vya afya utaona: kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo kila mtu anaiita CTC, ina mlango wake upande wake, ina benchi lake nje, ina siku yake ya wiki. Ukikaa kwenye benchi lile siku ile, hakuna haja ya muuguzi kusema lolote. Anayepita na debe la mahindi amekuona. Faili lako linabebwa likiwa na rangi tofauti na mengine. Chumba cha ushauri kimetenganishwa na cha jirani kwa ubao usiofika darini, na unamsikia mwenzako akiulizwa ni lini aliacha dawa. Nimewaona kina mama wakihamishia vidonge kwenye mfuko wa nailoni kabla hawajatoka getini, kwa sababu kopo likitikisika kwenye pochi linalia na watu wanaijua sauti ile.

Semina za maadili tumepewa nyingi. Tulikula kiapo tumeshika mishumaa, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kumwajibisha anayekiuka. Tangu 2022 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayozitaja taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti. Yote hayo ni mema, ila hakuna kiapo kinachoziba ubao usiofika darini. Halmashauri inayotenga fedha za kupaka rangi jengo inaweza kutenga za kumalizia ukuta. Mganga mfawidhi hahitaji fedha yoyote kuruhusu wenye hali nzuri wachukue dawa siku yoyote, kwenye dirisha lilelile wanalochukulia dawa wagonjwa wa presha na sukari. Dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja zimesaidia sana, na kila mgonjwa anayestahili apewe bila kubembeleza.

Kuna pia hili la kufuatilia watoro. Mtu akikosa kliniki, tunamtuma mhudumu wa jamii amtafute nyumbani. Nia ni njema na wengi wamerudishwa hivyo. Ila mhudumu huyo anajulikana kijiji kizima na kazi yake inajulikana, na pikipiki yake ikisimama mlangoni kwako jioni, umeshasemwa. Mgonjwa aulizwe tangu siku ya kwanza: ukipotea tukutafuteje? Kwa simu? Kupitia nani? Tusije wapi? Jibu liandikwe kwenye faili na liheshimiwe, hata pale takwimu za mwezi zinapotubana.

Na wapo wagonjwa ambao hatuwasemi kabisa, nao ni sisi wenyewe. Wauguzi wanaoishi na VVU wapo, kwa viwango hivi vya mikoa yetu isingewezekana wasiwepo. Muuguzi huyo anawashauri watu wasione aibu, kisha naye anaomba ruhusa akachukue dawa zake wilaya nyingine, kwa sababu anawajua wenzake wa zamu na anajua yanayosemwa kwenye chumba cha chai. Ukitaka kujua kama kituo chako kinatunza siri, mwulize mtumishi kama angekubali faili lake likae humo. Nimeuliza hivyo faraghani zaidi ya mara moja, na majibu yalinihuzunisha kuliko ripoti yoyote.

Kuhusu wachungaji na mapadri, nasema kwa upendo maana nami ni mwana wa kanisa. Kuwahimiza wachumba wapime ni jambo jema. Kudai karatasi ya majibu ifike mezani kwako, au kumpigia sista simu "kuthibitisha," si jema, na unamweka sista mahali ambapo lazima amkosee mtu: wewe au mgonjwa wake. Sheria hairuhusu mtu alazimishwe kupima, isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama, na harusi haimo. Waleteni wachumba wote wawili kwa hiari yao. Tutawapima pamoja, wakikubali watasikia majibu pamoja, na muda wa maswali upo. Wakitoka, msiwaulize walichoambiwa. Waulizeni kama bado wanataka kuoana, wakisema ndiyo tangazeni ndoa.