Dawa ya malale iliyowafikia watoto wenye saratani

Kila ninapoambiwa kwamba watoto wenye saratani sugu hawana dawa kwa sababu sayansi haijafika huko, naikumbuka eflonithini.

Ilibuniwa kwa ajili ya saratani za watu wazima, ikashindwa. Ikagundulika kuwa inatibu malale, na mwaka 1990 Marekani ikaiidhinisha. Wagonjwa waliokwisha kupoteza fahamu walichomwa dawa hiyo mshipani wakaamka. Ndipo ikaitwa dawa ya ufufuo. Hata hivyo uzalishaji ukasimama, maana waliokuwa wakiihitaji ni wanavijiji wa Kongo, Uganda na Sudan, watu wasio na fedha. Mwaka 2000 ikarudi sokoni Marekani kama krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake! Madaktari wakapiga kelele, na mwaka 2001 ikapatikana tena kwa wenye malale, bure, kupitia Shirika la Afya Duniani.

Desemba 2023 dawa hiyohiyo, safari hii ya vidonge, iliidhinishwa Marekani kwa nyuroblastoma kali, saratani ya neva changa ambayo mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo. Mtoto hupitia kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), upasuaji na mionzi, uvimbe ukanywea, wazazi wakapumua. Kisha mara nyingi unarudi, na dawa za awali haziuwezi tena. Eflonithini hukizuia kimeng'enya kinachotengeneza poliamini, kemikali ndogo za mwilini ambazo seli za saratani hiyo huzihitaji kwa wingi ili zizaliane. Mtoto ambaye uvimbe wake umenywea huimeza mara mbili kwa siku kwa miaka miwili, ili saratani isirudi. Ushahidi wake una upungufu: waliotumia walilinganishwa na watoto wa jaribio jingine la awali ambao hawakuitumia. Ila ugonjwa ukiwa adimu hivi, kusubiri jaribio kamilifu nako kuna makaburi yake.

Mtoto mwenye saratani adimu na mkulima mwenye malale wameachwa nyuma kwa sababu moja: wateja wachache, faida ndogo. Tangu 2020 sheria ya Marekani inazitaka kampuni zinazotengeneza dawa mpya za saratani za watu wazima zizichunguze pia kwa watoto, pale dawa inapolenga kitu kilichomo katika saratani zao. Nataka dawa kuukuu nazo zipekuliwe hivyo, kwa fedha za umma. Na vidonge hivi vifike Kampala na Kinshasa, kwa wajukuu wa wale waliochomwa eflonithini kwanza.